Muziki wa buti umegoma: fuata dalili kabla hujanunua amplifaya nyingine

Sabufa ya inchi 12 imeshakaa kwenye boksi, amplifaya mbili zimefungwa nyuma ya siti, nyaya zimelala chini ya zulia, na bado kuna kitu hakiendi. Kijiweni utaambiwa amplifaya ni feki, badilisha. Mwingine atakwambia weka kapasita. Usitoe hela bado. Muziki wa gari uliojifungia mwenyewe nyumbani ukisumbua, mara nyingi kifaa ni kizima. Kosa liko kwenye waya unaokiletea umeme, au kwenye nati moja ya hasi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari) iliyokazwa juu ya rangi. Kosa la namna hiyo halionekani kwa macho. Linapimwa.

Mfano wetu ni gari ambalo huwezi kupita Sokoine Road, Arusha, bila kuliona: Toyota IST, betri ya NS60 (ampea-saa 45), amplifaya ya besi ya wati 500 kwenye omu 2, na amplifaya ya chaneli nne ya spika za milango, wati 60 kila chaneli. Ukiwa na Spacio, Premio au Noah, hesabu ni zile zile, kinachobadilika ni urefu wa waya.

Wati tunazozungumzia ni zile zilizoandikwa RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo. Namba ya 3000W kwenye katoni ni mapambo. Ukitaka kujua uwezo halisi, soma fyuzi zilizochomekwa kwenye amplifaya yenyewe. Fyuzi mbili za 30 ni ampea 60. Zidisha kwa volti 13.8, kisha kwa 0.8 ikiwa ni amplifaya ya daraja D (class D, aina inayopoteza umeme kidogo), unapata wati 660 hivi. Zaidi ya hapo haitoi, hata katoni iseme nini.

Andaa multimita ya kawaida, spana namba 10, msasa, betri ndogo ya volti 1.5 (ile ya rimoti ya TV), faili la toni ya 50 Hz (sauti moja ya besi isiyobadilika) kwenye flashi, na waya mwembamba wa mita 5 wa kurefushia mkono wa multimita kutoka buti hadi kwenye injini. Waya huo wa mita 5 wengi hawana, na ndio unaomaliza ubishi.

Usikimbilie kufungua terminali ya betri

Magari mengi ya Kijapani yanakuja na redio ya ramani. Baadhi ya redio hizo zikikosa umeme hata kidogo hujifunga na kudai namba ya siri au kadi ya SD ya ramani, kwa maandishi ya Kijapani. Kama kadi ilishachomolewa na mtu huko nyuma, umebaki na kioo kisicho na kazi. Kwa kazi nyingi za humu huna haja ya kugusa betri: chomoa fyuzi kuu ya waya wa buti, inatosha. Ukilazimika kufungua betri, hakikisha kwanza kadi ipo mahali pake.

Vipimo vinne vya kuanzia

Cha kwanza, betri ikiwa imepumzika usiku kucha, injini imezimwa. Volti 12.6 imejaa, 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12.0 imekwisha. Asubuhi za Juni na Julai Arusha, betri iliyochoka hujionyesha mapema kwa sababu ya baridi, kwa hiyo usishangae muziki uliopiga vizuri Februari ukianza visa katikati ya mwaka.

Cha pili, injini inaunguruma, kila kitu kingine kimezimwa. Tarajia 13.8 hadi 14.4. Ikibaki kwenye 12.5 na inashuka, acha muziki, nenda kaangalie mkanda wa alteneta, terminali na alteneta yenyewe.

Cha tatu ndicho chenye siri. Washa injini, piga toni ya 50 Hz kwa sauti unayotumia kila siku, weka mkono mmoja wa multimita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye chanya ya amplifaya. Multimita itakuonyesha volti zinazopotea njiani. Chini ya 0.5 ni sawa. Ikionyesha 1.2, kuna mahali umeme unabanwa.

Cha nne, fanya hivyo hivyo upande wa hasi: hasi ya betri na hasi ya amplifaya. Hapa usikubali zaidi ya 0.2.

Volti zikipotea upande wa chanya, gusa mita kabla na baada ya kila kiungo: terminali ya betri, kishikio cha fyuzi, lagi (kichwa cha chuma cha ncha ya waya). Kiungo chenye tofauti ya volti ndicho kibovu, na mara nyingi ukikigusa kwa kidole utakuta kina joto. Kama viungo vyote ni vizuri, basi waya wenyewe ni mwembamba. Amplifaya yetu ya besi inavuta ampea 45 ikifika mwisho (500 gawanya kwa 0.8, gawanya kwa 13.8). Ya milango, ambayo ni daraja AB na inapoteza karibu nusu ya umeme kama joto, inavuta kama 32. Jumla 77. Hiyo inataka waya wa geji 4 wa shaba tupu, wenye eneo la milimita za mraba 21, na fyuzi ya 80.

Tatizo ni kwamba waya ulioandikwa geji 4 sokoni mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na unene mwingi ni wa plastiki. Vua ncha na kwarua nyuzi kwa kisu: zikitoa weupe ndani, ni alumini. Bunda la nyuzi tupu linatakiwa liwe na kipenyo cha kama milimita 6. Alumini siyo haramu, ila panda saizi moja kubwa (namba ya geji ikipungua, waya unanenepa): nunua geji 2 pale ambapo shaba ingekuwa geji 4.

Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kulinda waya, wala siyo amplifaya. Waya ukichubuka pale unapopenya kwenye bati kati ya injini na dashibodi, na fyuzi ikiwa kule buti, mita nne nzima za waya zinageuka hita chini ya zulia. Tundu hilo lazima liwe na mpira. Fyuzi ikikatika mara mbili, tafuta mchubuko. Anayeweka ya 150 au kuikunjia karatasi ya sigara anatafuta moto.

Hasi: nati moja inayozaa dalili kumi

Sehemu hii tungeiweka peke yake tukiruhusiwa kuandika moja tu. Hasi mbovu inaleta taa ya PROTECT (amplifaya inajilinda na kukata sauti), mluzi, besi dhaifu, amplifaya kuzima na kuwaka, hata redio kuungua upande wa RCA (nyaya na matundu ya kupeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya). Ndiyo maana mtu anabadilisha vifaa vitatu na dalili inabaki pale pale.

Chagua bati nene la bodi, si zaidi ya sentimita 45 kutoka kwenye amplifaya. Bawaba ya mlango wa buti haifai, wala bati jembamba la kushikia plastiki. Bolti ya mkanda wa siti usiiguse kabisa, ile ni ya kuokoa maisha na haitakiwi kulegezwa wala kuwekewa lagi. Kabla ya kutoboa, lala chini uangalie upande wa pili: kuna bomba la mafuta, bomba la breki na tanki. Toboa tundu la bolti ya M8. Piga msasa mpaka chuma king'ae kwa upana wa sarafu, siyo kukwaruza tu. Weka lagi iliyobanwa kwa koleo la lagi, wosha ya meno, nati, kaza. Ukishakaza ndipo upake grisi au rangi juu, ili unyevu usiingie. Grisi ikitangulia chini ya lagi umejifanyia kazi bure. Waya wa hasi uwe na unene sawa na wa chanya. Amplifaya mbili zifungwe sehemu moja.

Mtikisiko wa barabara ya kupanda Kibosho au Uru, kule Moshi, utalegeza nati hiyo polepole. Baada ya wiki mbili za kutembea, rudi ukaze tena.

Amplifaya haiwaki kabisa

Pima kwenye amplifaya yenyewe, sehemu tatu. Kati ya chanya na hasi: 12 au zaidi. Kati ya waya wa rimoti (waya mwembamba kutoka redio unaoiamuru amplifaya iwake) na hasi: 12 redio ikiwa imewashwa. Kisha fyuzi za amplifaya, kwa kipimo cha mlio cha multimita (kinalia njia ikiwa nzima), maana fyuzi inaweza kuonekana nzima na imekatika pembeni.

Chanya ikiwepo na rimoti haipo, kosa liko nyuma ya redio. Kwa majaribio, gusanisha rimoti na chanya kwa kipande cha waya. Ikiwaka, amplifaya ni nzima. Usiache hivyo, itamaliza betri usiku.

Inapiga ukiweka FM, inanyamaza ukihamia USB au Bluetooth

Hii inawachanganya wengi na dawa yake ni ya dakika kumi. Redio nyingi za kisasa zina nyaya mbili za bluu. Ya bluu tupu ni ya antena, hupata umeme redio ikiwa kwenye stesheni tu. Ya bluu yenye mstari mweupe ni ya amplifaya, hupata umeme muda wote redio ikiwa imewashwa. Umeunga isiyo yako. Hamisha.

Na kinyume chake pia: umebadilisha redio, muziki uko sawa, lakini stesheni zinakwaruza hata katikati ya mji. Magari yenye antena ya kwenye kioo, na baadhi ya zile fupi za juu, yana kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12. Kipe umeme kutoka kwenye bluu tupu. Kama bado una redio ya Kijapani, kumbuka masafa yake ni 76 hadi 90, yetu yanaanza 88 hadi 108, hivyo bila kibadilisha masafa utaishia kwenye stesheni mbili tatu za chini.

Taa nyekundu ya PROTECT

Ondoa vitu kimoja kimoja, kila mara ukizima na kuwasha upya.

Chomoa nyaya za spika zote kwenye amplifaya. Taa ikizimika, tatizo liko kwenye spika au nyaya zake. Pima omu kwenye kila jozi ya nyaya, zikiwa zimechomolewa. Koili ya omu 4 husoma 3.2 hadi 3.7, ya omu 2 husoma 1.6 hadi 1.9. Ukipata 0.3, nyaya zimegusana au koili imeungua. Kisha pima kila waya wa spika na bodi ya gari: lazima isome wazi, bila mguso. Kwenye milango, waya hupondwa na skrubu ya plastiki ya mlango. Fungua hapo kwanza.

Hapa ndipo wenye sabufa ya koili mbili wanapojikwaa. Koili mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinatoa omu 2, zikiungwa mfululizo zinatoa 8. Za omu 2 sambamba zinatoa 1, mfululizo 4. Amplifaya ya chaneli nne ikiunganishwa chaneli mbili kuwa moja, nyingi hazikubali chini ya omu 4. Ukiiunga kwa omu 2, itapiga vizuri sauti ya chini, na ukiongeza tu inaenda PROTECT. Soma maandishi pembeni ya matundu ya spika.

Taa ikibaki baada ya kuchomoa spika, chomoa RCA. Ikibaki tena, pima volti pale pale. Ikiwa 12 na zaidi, hasi ni safi, hakuna spika wala RCA, na bado ni nyekundu, hapo sasa amplifaya imeungua ndani.

Inapiga dakika ishirini, inazima, inarudi yenyewe

Joto. Mjini Moshi saa nane mchana, gari limeegeshwa juani, buti tayari ni tanuri kabla hujawasha chochote. Amplifaya iachiwe sentimita 5 za hewa kila upande, isifunikwe zulia, na isifungwe kwa kulala kichwa chini. Usiifunge juu ya boksi la sabufa pia, mtetemo unalegeza vijenzi vya ndani. Vumbi likishajaa kwenye mapezi ya kupozea ya amplifaya, pulizia kwa kompresa ya fundi tairi, kwa umbali. Kama joto linakuja haraka kuliko hapo, dakika tano tu, rudi kwenye omu za sabufa na kwenye kipimo cha tatu: volti zikishuka, baadhi ya amplifaya huvuta ampea zaidi kufidia, na ampea ndizo zinazopasha.

Besi ikigonga taa zinapepesa, au redio inajizima na kuwaka

Kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha hutaona kitu, kwa sababu injini inazunguka ya kutosha. Utaona ukiwa umesimama kwenye foleni, feni inapiga, kiyoyozi kimewashwa. Alteneta za gari ndogo nyingi ni za ampea 70 hadi 100 injini ikizunguka haraka. Injini ikizunguka polepole gari likiwa limesimama, hutoa pungufu sana, wakati gari lenyewe tayari linakula 30 au zaidi. Zile 45 za besi zinatoka kwenye betri moja kwa moja.

Fanya vipimo vinne tena. Volti zikipotea njiani, rekebisha njia. Kama njia ni safi na betri ndiyo inashuka chini ya 12 kila besi ikigonga, anza na waya wa hasi kutoka betri kwenda bodi na kwenda injini. Waya wa kiwandani ni mwembamba na mara nyingi umeota ukungu wa kijani. Ongeza wa geji 4 pembeni yake: hasi ya betri kwenda bodi, bodi kwenda injini, na chanya ya alteneta kwenda chanya ya betri. Huu wa tatu uwe na fyuzi yake inayozidi kidogo ampea za alteneta. Betri kubwa kama N70 ikiingia kwenye sehemu yake, inasaidia. Lakini pima nafasi kwanza, IST haina ukarimu huko mbele. Kapasita hushikilia sehemu ndogo ya sekunde. Haizalishi umeme, na ikifungwa juu ya hasi mbovu haibadilishi kitu.

Redio ikizima peke yake bila taa kupepesa, tafuta hasi ya redio. Kwenye Toyota soketi kubwa ya nyuma ya redio ina hasi ya kahawia, umeme wa kudumu wa bluu na njano, na wa swichi wa kijivu. Pima kabla ya kuamini rangi, gari limeshapita mikononi mwa watu.

Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta

Sauti nyembamba, inapanda na kushuka pamoja na injini. Fuata mpangilio huu na usiruke hatua.

Gari likiunguruma, muziki umewashwa kwa sauti ndogo, zima amplifaya, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena. Mluzi ukibaki, unaingia kwa njia ya umeme au nyaya za spika: rudi kwenye hasi ya amplifaya. Mluzi ukiondoka, unakuja na RCA.

Sasa chukua simu ambayo haijachomekwa chaja, iunge kwenye amplifaya moja kwa moja kwa waya wa jeki kwenda RCA. Kukiwa kimya, amplifaya na hasi yake ni safi, tatizo liko kwenye redio au njiani. Rudisha redio, lakini tumia RCA nyingine uliyoipitisha juu ya siti, hewani, mbali na kila waya. Kukiwa kimya, RCA ya zamani imelala ubavuni mwa waya wa umeme. Umeme upite upande wa dereva, RCA upande wa abiria, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba.

Mluzi ukibaki hata kwa RCA ya hewani, chomoa redio na upime omu kati ya ganda la nje la RCA ya redio na bati la redio. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikisoma wazi, kuna fyuzi ndogo sana ndani ya redio imekatika. Hukatika mtu anapochomeka RCA umeme ukiwa umewashwa, au hasi ya amplifaya ikiachia na umeme wote ukatafuta njia ya kurudi kupitia RCA. Fundi wa elektroniki anaiunga kwa muda mfupi. Dawa ya haraka ni kuunga waya mwembamba kutoka ganda la RCA hadi bati la redio. Inaondoa mluzi, ila haiondoi kilichoikata, kwa hiyo kaza hasi ya amplifaya kabla ya kufurahi.

Kuna wanaotumia redio ya kiwandani isiyo na RCA, wanavuta nyaya za spika za nyuma kwenda kwenye kigeuzi (kinageuza sauti ya spika kuwa ya RCA). Kwenye Toyota za Japani, spika ya nyuma kulia kwa kawaida ni nyekundu chanya na nyeupe hasi. Kushoto, nyeusi chanya na njano hasi. Naam, nyeusi ndiyo chanya. Thibitisha kwa ile betri ya 1.5. Usiunge hasi ya spika kwenye bodi hata siku moja: hasi ya spika kwenye redio hizi ina volti zake, na ukiigusisha bodi unaua saketi ya sauti ndani ya redio.

Sauti ya mvumo wa shshsh isiyobadilika na injini ni kitu kingine. Geini (skrubu ya amplifaya ya kuilinganisha na redio) iko juu mno. Na mkwaruzo unaotokea simu ikiwa kwenye chaja tu ni chaja ya bei ya chini, nunua nyingine.

Besi ipo, lakini haigongi

Geuza polariti ya sabufa kwanza. Badilisha nyaya mbili kwenye boksi, sikiliza ukiwa siti ya dereva, siyo ukiwa umeinama butini. Besi ikijaa, ilikuwa inapigana na spika za mbele. Ukiwa na sabufa mbili na besi inapotea ukisimama katikati, moja imeungwa kinyume. Gusa nyaya za kila moja kwa betri ya 1.5, chanya kwa chanya, kwa nusu sekunde: koni zote zitoke nje. Ikivutwa ndani, imegeuzwa.

Halafu krosova (kichujio cha kugawa sauti). Sabufa iwe kwenye LPF (inapitisha sauti za chini tu) 80 Hz, spika za milango HPF (inapitisha za juu tu) 80 Hz. Ukikuta sabufa kwenye HPF, umeshapata jibu.

Kisha boksi. Sabufa nyingi za inchi 12 za boksi lililozibwa zinataka lita 28 hadi 35. Za boksi lenye tundu ni kubwa zaidi, mara nyingi 50 hadi 60. Fuata karatasi ya sabufa yako. Ubao wa MDF wa milimita 18, vipimo vya nje sentimita 45 kwa 38 kwa 30, unakupa ndani lita 37.6, ondoa lita 3 za sabufa yenyewe, unabaki karibu 35. Seremala asiyeambiwa kwamba ni vipimo vya nje atakuletea boksi kubwa kuliko buti.

Boksi lililozibwa likivuja linapoteza ngumi. Washa udi, pitisha moshi kwenye maungio huku toni ya 30 Hz inapiga kwa sauti ndogo. Moshi utatikisika kwenye upenyo. Ziba kwa silikoni kwa ndani, subiri saa 24 ikauke na harufu ya siki iishe kabla ya kurudisha sabufa, kwa sababu mvuke wake hula gundi na mpira wa koni. Usisahau tundu la waya, ndilo linaloachwa wazi.

Besi inakoroma, na kuna harufu kama ya plastiki iliyoungua

Zima sasa hivi. Harufu ni ya koili.

Geini haijatengenezwa kuongeza sauti, inalinganisha redio na amplifaya. Chomoa sabufa. Kwenye redio weka besi, trebo na loudness sifuri, sauti kwenye robo tatu ya mwisho wake. Bass boost ya amplifaya sifuri. Piga toni ya 50 Hz. Weka multimita kwenye volti za AC kwenye matundu ya spika, kisha zungusha skrubu ya geini polepole hadi namba yako. Namba inapatikana kwa kuzidisha wati kwa omu na kutafuta kipeuo cha pili: wati 500 kwa omu 2 ni mzizi wa 1000, yaani volti 31.6. Wati 60 kwa omu 4 ni volti 15.5. Kama sabufa yako ni ya wati 300 RMS, tumia 300 badala ya 500: volti 24.5. Zima, rudisha sabufa.

Mkoromo ukiwepo hata kwa sauti ndogo, sukuma koni ukisikiliza. Ukisikia mkwaruzo, koili imepinda na inasugua sumaku. Kwa boksi lenye tundu, washa kichujio kinachokata sauti za chini mno (subsonic), hezi 25 hadi 30, la sivyo koni inarukaruka bila kizuizi.

Mabati yanapiga kelele kuliko muziki

Piga toni inayopanda kutoka 30 hadi 80 Hz, mtu mmoja ndani, mmoja akibonyeza mabati kwa kiganja. Kelele ikikata, umepata. Kwa kawaida ni namba ya gari, jeki, spana zilizolegea kwenye shimo la tairi la akiba, na plastiki ya mlango wa buti. Ndala ya zamani iliyokatwa vipande, ikibandikwa nyuma ya namba, inafanya kazi sawa na vifaa vya kununua. Bati pana la mlango wa buti linataka shiti za lami, robo ya eneo lake inatosha.

Boksi lenyewe lifungwe kwa vyuma vinne vya pembe na bolti. Boksi la kilo 25 kwenye gari lisilo na ukuta kati ya buti na siti linakuja mbele lote ukifunga breki ghafla.

Asubuhi betri imekufa

Zima kila kitu, bonyeza kufuli ya mlango wa buti kwa bisibisi ili gari lidhani umefunga, weka multimita kwenye ampea 10 mfululizo na hasi ya betri (tahadhari ya redio ya ramani inahusika hapa), subiri nusu saa. Kawaida ni chini ya 0.05. Ukiona 1.0, hiyo ni ampea-saa 12 kwa usiku mmoja kati ya 45 ulizonazo. Usiku wa tatu hutawasha. Chomoa fyuzi kuu ya buti. Namba ikishuka, rimoti imeungwa kwenye umeme wa kudumu. Ihamishie kwenye bluu yenye mstari mweupe. Isiposhuka, muziki hauhusiki, endelea na fyuzi nyingine za gari, moja baada ya moja.

Masika yakianza

Inua zulia la buti Machi, kabla ya mvua kukolea, na umwagie maji mlango wa nyuma ukiwa umefungwa. Mpira wa taa za nyuma uliochoka unapitisha maji moja kwa moja kwenye shimo la tairi la akiba. MDF ikinywa maji inavimba pembeni na haitarudi. Boksi lolote linalokaa chini lipakwe rangi ya mafuta pande zote sita, pamoja na ya chini, na liinuliwe kwa vipande vya mpira. Fungua lagi ya hasi, piga msasa tena, funga.